Mashine Iliyonyamazishwa

Wateja wa Sidonie, muuza mashine za kutafutia madini ardhini, huuliza swali moja. Wanatoka Walikale, wanatoka Masisi, matope yamewakaukia kwenye buti, wanaegemea meza yake pale soko la Birere, Goma, na kuuliza: hii mashine nitainyamazishaje isinisumbue na vyuma, ilie dhahabu peke yake? Sidonie huwaonyesha kwa dakika tano nao huenda zao. Kwa hiyo siku Kambere alipokuja na kuuliza kinyume chake, mama yule aliweka chini kikombe cha chai.

"Rudia, papa. Unataka isikie chuma?"

"Chuma tu. Ile ingine yote inyamaze."

"Ile ingine kama nini?"

Kambere akameza mate. "Kama ufunguo."

Sidonie alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Si mtu wa machimbo huyu, mikono yake ni ya kushika gunia. Lakini biashara ni biashara, na mtu halipi kodi ya meza kwa kuuliza watu siri zao.

Na siri ilikuwepo. Kambere alikuwa mchuuzi wa maharagwe, Mnande wa Butembo aliyehamia mtaa wa Mabanga, Goma, zamani, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, na hapakuwa na mama sokoni aliyewahi kumlalamikia kipimo. Uongo mkubwa aliwahi kusema mmoja tu maishani mwake. Aliusema mara tatu mfululizo, mlangoni pa mama wa watu, miaka kumi na mitatu iliyopita, na tangu siku ile hakuwahi kulala usingizi wa mtu mwenye moyo mweupe.

Ilikuwa mwaka ule wa vita ya Sake. Kambere alikuwa anarudi Goma na kamyo ya maharagwe, na dereva alikuwa Nuhu, kijana wa Kiislamu wa hapo hapo Mabanga, ambaye babu zake walitoka Kasongo na biashara ya vitambaa. Nuhu alikuwa mcheshi, mwepesi wa mguu, na alikuwa na tabia moja ambayo watu walimcheka nayo: hakuacha ufunguo ndani ya kamyo kamwe. Hata akishuka kukojoa, ufunguo huo mfukoni, pamoja na fungu zima la funguo za makufuli na kibati cha shaba chenye namba ya kamyo. Aliwahi kuibiwa gari huko Kiwanja, basi akaapa haitatokea tena.

Karibu na Lac Vert njia ikafungwa. Mbele risasi, nyuma risasi. Nuhu akazima mota, akatia funguo mfukoni, akashuka kwenda kuuliza waliotangulia. Hakufika hata kwa kamyo ya pili. Risasi ilikuja kutoka wasikokujua na kumlaza hapo hapo, kifudifudi, bila kusema neno.

Wakakaa naye mchana kutwa chini ya kamyo, Kambere na abiria wawili waliopanda Sake. Alasiri risasi za nyuma zikasogea. Wakachukua beleshi la kamyo, wakaburuta mwili hadi nyuma ya jiwe moja kubwa la lava lililopasuka katikati, na wakachimba. Ardhi ile unaijua: unachimba kidogo, unagonga mwamba. Shimo halikufika magotini. Wakamlaza chali, mikono kifuani, kama Wakatoliki wanavyolazwa, na suruali yake na viatu vyake na kila kitu. Kambere akasema Baba Yetu kwa haraka. Kichwani akasimamisha lame ya resore, kile chuma kipana cha akiba kilichokuwa nyuma ya kamyo, ili wamjue mahali.

Udongo ulikuwa umeshamfunika pale mtu mmoja alipopiga kelele kwamba njia ya Goma imefunguka. Kambere akakimbilia kamyo, akakaa kwenye usukani, akapeleka mkono kwenye ufunguo. Hapo ndipo alipokumbuka. Wale abiria wawili walikwisha kukimbia. Naye alikaa pale labda dakika moja, labda mbili, akitazama lile jiwe kwenye kioo cha pembeni, akijiambia shuka, fukua, mtu wako huyo, mtie kamyoni umpeleke kwa mama yake. Bomu likalia upande wa Sake. Akashuka, akakimbia yeye pia, kwa miguu hadi mjini. Kamyo waliipora siku ile ile.

Mama Kuluthumu, mama yake Nuhu, alimpokea mlangoni. Hakulia. Aliuliza maneno matatu, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Balimuosha mwanangu?"

"Ndiyo, mama." Akaongeza kwamba Waislamu wa Mugunga walikuja, wakachota maji ya ziwa.

"Balimuvisha sanda?"

"Ndiyo."

"Balimuswalia?"

"Ndiyo, mama. Walikuwa wengi."

Mama akashusha pumzi, akasema Alhamdulillahi, ndipo akaketi chini na kulia. Kambere alirudi nyumbani akijiona amefanya wema. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hakujua bado wema wa namna hiyo unamrudia mtu vipi.

Na ule ufunguo? Bosi wa kamyo alipouliza, alisema ulimponyoka njiani akikimbia. Uongo wa kwanza ulihitaji mwenzake.

Miaka ikapita. Mama alitaka kwenda kuliona kaburi, lakini mahema ya wakimbizi yakafunika sehemu ile, yakaondoka, yakarudi mengi zaidi. Kila mara Kambere alipata sababu. Mara njia mbaya, mara watu hawatakubali. Mwishowe mahema yakaondolewa kabisa, na mwenye parsele ile ya ardhi, mzee mmoja aitwaye Donat, akatuma habari: anaanza kujenga ukuta Jumatatu. Kama kuna maiti ya mtu wenu pale, alisema, mnionyeshe mahali kabla ya Jumatatu, nitapaacha na kupawekea kigingi. Msiponionyesha, waashi watavunja mawe yote. Sijui mengine.

Kumbe Nasiba, dadake Nuhu, huuza vitenge hatua chache tu kutoka kwa Sidonie, na ameziona zile mashine mara elfu. "Papa Kambere, si ulisema uliweka resore kwa kichwa? Hata kama ilianguka, iko tu mu udongo. Tuchukue mashine." Mama Kuluthumu akamgeukia Kambere na uso uliojaa matumaini hata akaona haya kuutazama. Akasema haraka kwamba mashine ataitafuta yeye mwenyewe, wasijisumbue.

Hiyo ndiyo sababu alikuwa pale Birere, akimeza mate.

Sidonie akampandishia mashine mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nzito, yenye sahani pana chini kama ungo wa kupepetea.

"Kama unaenda Lac Vert vile unasema, chukua hii," alisema. "Mawe ya huku yako na chuma ndani, yanaliaka yenyewe. Hii haijali mawe. Inasikia mbali."

"Inachagua?"

"Haichagui. Inasikia yote. Ikilia, unachimba, unaona."

"Na hii ingine?"

Ya pili ilikuwa nyepesi, yenye kioo cha namba. "Hii inachagua. Kila kitu kiko na namba yake. Lakini kwa lava itakusumbua. Lazima uisawazishe na ardhi, tena na tena. Mi nakushauri kubwa, papa."

Ushauri mzuri, wa mtu anayejua kazi yake. Kambere akachukua ndogo.

Nyuma ya meza Sidonie alikuwa na beseni la changarawe nyeusi kutoka Kibati, la kujaribia. Akamfundisha. Unashika kitufe hiki, unapandisha sahani na kushusha, juu, chini, juu, chini, karibu na ardhi, hadi mlio wa mawe uishe. Usiwe na haraka. Halafu nguvu usiipandishe hadi mwisho, maana kwenye lava ukitaka kusikia kila kitu hutasikia kitu. Akafukia kipande cha resore kwenye beseni: mlio mzito, namba za chini, kumi na nane, ishirini. Kisha akatoa funguo zake za kufuli mfukoni mwa aproni na kuzifukia. Mashine ikalia wazi, kama kengele ndogo. Sitini na mbili.

"Hii ndo hutaki?"

"Hiyo."

Akambonyezea. Kwenye kioo, sehemu ya katikati ya mstari wa namba ikazimika, kidogo kidogo, hamsini, sitini, sabini. Akapitisha tena sahani juu ya funguo. Kimya. Unaweza kuapa hapakuwa na kitu ndani ya beseni.

"Watu bananiombaka ninyamazishe chuma," Sidonie alisema, akizifukua funguo zake na kuzipangusa. "Wewe wa kwanza kunyamazisha ile inaliaka vizuri."

Kambere akalipa. Lakini maneno yale aliondoka nayo, na siku ile hakula.

Jumamosi asubuhi walifika Lac Vert. Shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa ule, aliwaandikia karatasi, maana mtu akizunguka na mashine ya namna ile watu hudhani anatafuta silaha, na wategua mabomu walikuwa wameshapita na kuacha alama zao nyeupe. Donat mwenyewe alikuja na fimbo yake, akasimama pembeni. Mama Kuluthumu walimketisha kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, amevaa buibui lake jipya, tasbihi mkononi. Miaka sabini na sita, na alikuwa ameamka alfajiri kujiandaa kama anakwenda arusini.

Kambere akaisawazisha mashine. Juu, chini, juu, chini. Nasiba akatandaza kamba ili asirudie njia ile ile. Akaanza.

Ardhi iliyolaliwa na mahema ina chuma chote duniani. Misumari. Vifuniko vya mikebe. Vipande vya mabati. Kila mlio mzito Nasiba alipiga magoti na kukwangua kwa upawa, na kila mara mama alinyanyuka nusu kwenye kiti. "Ni yenyewe?" "Hapana, mama, ni musumari." Akaketi tena. Hii ilitokea mara nyingi mno, na kila mara Kambere alihisi kitu kinamkwaruza moyoni, maana mama hakuchoka kunyanyuka.

Jiwe lililopasuka katikati alikuwa ameliona tangu alipofika. Mahema yalikuja na kuondoka, jiwe lilibaki vile vile. Alilizunguka kwa mbali. Kisha, saa tano, hapakuwa na njia nyingine iliyobaki, akapita nyuma yake na sahani. Resore ilie, aliomba kimoyomoyo. Ee Bikira Maria, resore iwepo, ilie, tumalize.

Kimya.

Akapita tena, polepole. Kimya kabisa.

"Hiyo resore musitafute," Donat alisema kutoka pembeni. "Wale ba vyuma chakavu walipita hapa mara mbili. Hawaachaki hata waya."

Kambere akatazama miguu yake. Alikuwa amesimama juu ya Nuhu. Alijua hivyo kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake. Na mashine mkononi ilikuwa inasema hapana mtu. Angesema ni hapa bila alama yoyote, Donat angetaka wachimbe kuhakikisha, na ufunguo ungetoka pamoja na mifupa.

Akasogea mbele. Akamaliza kamba ya mwisho. Akarudi mbele ya kiti cha mama na kusema haoni kitu.

Mama Kuluthumu akakunja tasbihi yake. "Basi," alisema. "Mungu anajua pale yuko. Alioshwa, akaswaliwa, iko mahali pazuri. Mi nilikuwa napenda tu kusimama karibu yake mara moja." Akampa Nasiba mkono amwinue. Buibui jipya lilikuwa limejaa vumbi jeusi hadi magotini, na Nasiba alianza kulipangusa huku machozi yakimdondoka.

Angeweza kuacha hapo. Nani angejua? Jumatatu waashi wangevunja mawe, wangekuta mifupa au wasikute, mama angekuwa nyumbani Mabanga akimshukuru Kambere kwa jasho lake. Lakini alipoona vile mama anavyopanguswa magoti kama mtoto, kitu kikavunjika ndani yake. Akainama kwenye kile kioo. Akabonyeza vibaya mara mbili. Hamsini. Sitini. Sabini. Mstari wote ukawaka.

"Mama, ngoja kidogo."

Akarudi nyuma ya jiwe. Hakutembea hata hatua tatu. Mlio ukatoka wazi, mtamu, ukasikika hadi kwenye mwavuli. Akapitisha tena, ukalia tena pale pale. Sitini na mbili.

Nasiba akaruka. "Ni resore?"

"Hapana," Kambere alisema. "Ni kitu kidogo."

Mama Kuluthumu alikuwa ameshika fimbo ya Donat akija taratibu juu ya mawe. Akasimama, akasikiliza ule mlio, akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgeni asiyejua mila za nyumba.

"Basi si hapa, mwanangu. Wewe hujue desturi yetu. Sisi tunashuka na sanda tupu. Hata pini hatushuke nayo. Kama inalia, ni mutu mwingine. Sogea mbele."

Na Nasiba akaichukua kamba na kuisogeza mbele. Kambere akabaki na mashine inayolia miguuni pake. Uongo wake wa miaka kumi na mitatu ulikuwa umeaminiwa hadi ukamkana marehemu juu ya kaburi lake mwenyewe.

"Ni yeye, mama," alisema. Sauti haikuwa yake. "Ni ufunguo ya kamyo. Iko mu mfuko ya suruali."

Donat aliangalia chini. Mama alimtazama Kambere kwa muda mrefu, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti, kana kwamba anahesabu. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya mlangoni, maneno yale yale.

"Balimuosha mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Balimuvisha sanda?"

"Hapana."

"Balimuswalia?"

Kambere alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Hapana, mama. Hakukuwa mutu. Mi nilisema Baba Yetu. Niliogopa kukuambia, nikaona utakufa na uchungu. Nisamehe."

Alitegemea apigwe. Alitegemea alaaniwe, na laana angeipokea. Mama Kuluthumu hakufanya moja wala jingine.

"Kuosha, ilikuwa vita," alisema. "Sanda, ungeitoa wapi? Ile naelewa. Hata ungenambia siku ile, ningeelewa." Akaegemea fimbo. "Lakini swala, Kambere. Mutu akifa mbali, na hakuswaliwa, sisi tunamuswalia hata bila mwili. Tungesimama pale pale muskitini Mabanga, siku ile ile. Mi nilisema, mwanangu alishaswaliwa, hakuna deni. Niliacha." Akaonyesha lile jiwe kwa kidole. "Miaka kumi na tatu yuko pale anangojea. Na mi niko nyumbani nasema Alhamdulillahi."

Miaka yote ile Kambere aliogopa ufunguo. Aliogopa viatu, suruali, lile shimo la magotini. Ile swala hakuwahi hata kuifikiria, maana hakujua kama ilikuwa kitu cha kumnyima mtu.

"Nasiba," mama alisema, "enda Mugunga, kwa muskiti. Baite wanaume. Wenye wako na nafasi."

Nasiba akashuka barabarani na kupanda pikipiki ya kwanza. Donat akaweka mawe manne kuzunguka mahali pale, bila kuambiwa. Kambere akauliza kama wachimbe, watoe zile funguo. "Ziache," mama alisema. "Alikuwa anazipenda." Baada ya hapo hakuzungumza naye tena.

Wakaja watu kumi na mmoja, wengine na mafuta ya mota mikononi, mmoja na aproni ya kuuza nyama. Wakatawadha kwa madumu waliyojaza kule ziwani. Wakapanga safu tatu nyuma ya imamu, wakaelekea kibla, na jiwe lile mbele yao. Kambere alisogea kando, hadi kwenye alama nyeupe za wategua mabomu, akavua kofia yake. Mashine ilikuwa bado inawaka mkononi, ikilialia mawe, akaizima.

Imamu akainua mikono. Allahu Akbar, mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Hakuna kurukuu, hakuna kusujudu. Kisha akageuza uso na kutoa salamu, na safu zikavunjika, na watu wakaanza kutafuta viatu vyao.

Kambere alidhani bado wanaanza. Akamuuliza Donat, taratibu, kama imekwisha.

"Imeisha," Donat alisema. "Ni hiyo tu."

Haikuwa imechukua hata dakika tano.